Kwa nini Pombe ya Uluguru Haikuwekwa Akiba

Mwaka juzi mwenzangu wa idarani alirejea kutoka masomoni ng'ambo akiwa na mashine ya kupika bia nyumbani. Ni kitu cha ukubwa wa oveni ndogo: unatia maji, unatia kimea cha shayiri na maua makavu ya hopsi, unachagua programu, nayo inapasha, inazungusha, inachemsha na kupoza bila mkono wa mtu. Ilikusudiwa kutoa lita kumi za bia. Katika nyumba yake iliyoko Bigwa, chini kabisa ya milima ya Uluguru, mara ya kwanza ilitoa ujumbe wa hitilafu, mara ya pili ilitoa kinywaji chenye harufu ya dawa ya hospitali, na mara ya tatu ilitoa bia nzuri ambayo, wiki mbili baadaye, ilipasua chupa saba usiku wa manane na kuwaamsha majirani.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa historia na si wa kemia, niliitwa kama shahidi tu. Lakini hitilafu hizo zilinifunza jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka kwa miaka mingi darasani bila kuligusa, nami naomba ndugu msomaji anivumilie nianze nazo.

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Mashine ilikuwa ikisubiri maji yafike nyuzi 100 ndipo ihesabu muda wa kuchemka. Morogoro mjini tuko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 98, na ukipanda Mgeta huchemka kabla ya hapo. Mashine ingesubiri hadi kiama. Dawa yake ilikuwa kuiambia iko mwinuko gani. Ya pili ilikuwa klorini ya maji ya bomba, ambayo ikikutana na kemikali fulani za kimea na chachu huzaa ile harufu ya dawa; maji yakichemshwa kwanza na kuachwa wazi usiku kucha, tatizo linapungua sana. Zaidi ya hayo, chachu ya bia za namna ile hupenda nyuzi 18 hadi 22, ilhali chumba cha mwenzangu mwezi Januari hakishuki chini ya 28, na chachu iliyotiwa joto hutoa pombe kali za kuumiza kichwa. Akaiweka ndoo ndani ya beseni la maji, akaifunika taulo bichi.

Ya tatu ndiyo ya kuandikia makala. Chupa hupasuka kwa sababu bia imefungiwa kabla sukari yake haijaisha, au imeongezwa sukari kupita kiasi wakati wa kufunga. Gramu 6 hadi 8 kwa lita zinatosha kuipa povu. Yeye alikadiria kwa kijiko. Tena hakupima kwa haidromita siku mbili tatu mfululizo kuona kama kipimo kimesimama. Alikuwa na haraka ya kuweka akiba.

Asubuhi ile ya vigae mama mkwe wake, aliyekuwa ameshuka kutoka Kinole kumtazama mjukuu, alisimama mlangoni pa stoo akatazama. Huyu ni mama wa miaka sabini na ushee aliyepika pombe tangu ujana wake na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Wote pale tunamwita Bibi. Akamuuliza mkwewe kwa upole kabisa:

"Baba, sasa ulikuwa unaiweka ya nini? Pombe ikiiva si huitwa watu?"

Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa limegeuza historia yote niliyokuwa nikiifundisha ya pombe, kodi na dola katika nchi hii. Vitabu vyetu huuliza nani alikunywa, nani alilewa, nani alikatazwa. Swali la Bibi ni la namna nyingine: ni kinywaji gani kinakaa, na ni kipi hakikai? Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya siasa ya pombe Tanganyika, na Tanzania baadaye, inatokana na tofauti hiyo.

Tuanze na jinsi pombe ya nafaka inavyopikwa mlimani. Mtama, ulezi au mahindi hulowekwa, hutandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa mpaka yaote, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi hupikwa uji kwanza, huachwa upoe, ndipo hutiwa kimea. Utaratibu huu nilidhani ni mazoea tu, hadi mashine ya Bigwa iliposhindwa. Mwenzangu alijaribu kuilisha kimea cha mtama kwa programu ya shayiri, ikatoa maji ya vumbi yasiyo na utamu. Wanga wa shayiri hulainika kwenye joto dogo, chini ya nyuzi 65 ambazo vimeng'enya vya kimea huzipenda. Wanga wa mtama na wa mahindi huhitaji joto kubwa zaidi, joto ambalo huviua vimeng'enya hivyo hivyo. Njia ya kutoka ni moja: pika wanga kwanza, poza, ndipo utie kimea. Wanawake wa Uluguru hawakuwa na kipimajoto. Walitia kidole.

Baada ya kuchemshwa na kupoa mara ya pili, pombe huongezwa kimea kibichi ambacho hakijapikwa, nacho huja na chachu yake na bakteria wa kuchachusha. Kwa siku moja au mbili inachemka yenyewe ndani ya mtungi. Uchachu ule, ndugu zake wale wa togwa, huipa kinga: vijidudu vingi vya kuharisha haviishi katika kinywaji chachu kiasi hicho, jambo ambalo watafiti wetu wa lishe, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wamelichunguza kwa togwa kwa miongo kadhaa. Lakini bakteria haohao, pamoja na wale wa siki wanaoingia na hewa, hawajui kusimama. Siku ya kwanza pombe ni tamu, ya pili imekomaa, ya tatu inavumilika, ya nne ni siki.

Kwa hiyo akiba ya mpishi wa Uluguru haikuwa pombe. Ilikuwa kimea. Kimea kikavu, kikiwekwa darini juu ya mafiga ambako moshi hufukuza wadudu, hukaa miezi. Pombe yenyewe ilipangwa kwa kalenda: unahesabu siku nyuma kutoka siku ya kumtoa mwali, ya tambiko la ukoo, ya kulima shamba la mjane, na siku hiyo unaanza kuloweka. Watu hualikwa kwa sababu kinywaji kitaharibika wasipokuja. Ukarimu hapo ulikuwa na sababu za kibiolojia, ingawa sisemi kwamba ni hizo tu. Katika jamii ambayo ardhi na ukoo hufuata upande wa mama, si jambo dogo kwamba aliyeshika mwiko wa mtungi, na kwa hiyo aliyeamua siku ya watu kukutana, alikuwa mwanamke.

Wageni walioandika habari za nchi hii waliiona pombe mapema. Richard Burton, aliyepita kusini mwa milima hii mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliieleza namna inavyopikwa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Morogoro mwaka 1882 waliikuta na kuipiga vita, kwa mafanikio ya wastani. Lakini safari ninayoipenda kuliko zote ni ya pombe yenyewe kwenda Ujerumani. Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa vijidudu vya bia, aliitenga chachu kutoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Neno letu likaingia katika Kilatini cha sayansi. Chachu hiyo hujigawa katikati badala ya kuchipuza, na kwa sababu hiyo imekuwa kiumbe cha kuchunguzia jinsi seli zinavyogawanyika. Paul Nurse alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 kwa kazi aliyoifanya juu yake. Kila maabara ya saratani duniani inamjua pombe. Mwanamke aliyeupika mtungi ule hakuandikwa popote, wala kijiji chake.

Angalieni miaka. Wakati Lindner anaitenga chachu yetu, Ulaya ilikuwa imemaliza tu mapinduzi ya kuifanya bia ikae. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876 na kuonyesha vijidudu vinavyoiharibu. Miaka hiyo hiyo Carl von Linde alikuwa akifunga mashine za kupoza katika viwanda vya bia vya Munich. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg, alipata chachu safi ya aina moja. Mwaka 1892 William Painter wa Marekani alipata hataza ya kizibo cha bati tunachokijua leo. Kabla ya hapo bia nyingi za Ulaya nazo zilinywewa karibu na zilipopikwa, na mara nyingi mpishi wa nyumbani alikuwa mwanamke. Bia ilipoanza kukaa, ilianza kusafiri. Iliposafiri, ilihitaji mtaji. Na mtaji ulipoingia, mwanamke akatoka.

Bia hiyo iliyojifunza kukaa ndiyo iliyopanda reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kreti zikafuata. Sheria nayo ikapanga nani anywe nini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia vileo vikali kuuzwa kwa Waafrika katika ukanda mkubwa wa bara, na masharti ya udhamini wa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa yakaitaka Uingereza isimamie kwa ukali biashara ya vileo hivyo. Kwa miaka mingi kinywaji cha chupa kilikuwa cha Mzungu, na cha mtungi cha Mwafrika. Tumezoea kuuona mstari huo kama wa rangi, na ulikuwa wa rangi kweli. Ila ulikuwa pia mstari kati ya kinywaji kinachokaa na kisichokaa.

Sasa jiweke katika viatu vya bwana shauri wa miaka ya 1920. Bia ya chupa ni rahisi kutoza ushuru: iko bandarini, iko ghalani, inahesabika, itakuwepo kesho ukija na karatasi zako. Pombe ya mtungi haiko popote. Leo iko kwa mama huyu wa Matombo, kesho imekwisha tumboni mwa watu, keshokutwa iko bonde la pili. Huwezi kuhesabu ghala lisilokuwepo. Njia pekee ni kuikamata siku inapoiva, yaani kuipangia mahali na saa. Ndipo tukapata kile tunachokiita hadi leo kilabu cha pombe: uwanja uliotengwa, leseni au ada ya siku, saa za kufungua na kufunga. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya upikaji na uuzaji wa vileo, na fedha za pombe zikawa sehemu ya mapato ya hazina zao. Katika miaka ya njaa amri hizo ziligeuka kuwa marufuku: nafaka isipikwe pombe.

Kuna tawi moja la habari hii ambalo sijaliona likisemwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 mpango ulivunjika kwa ghasia Matombo. Sababu zinajulikana: matuta yalikula nguvu za watu, yalifukua udongo usio na rutuba, na machifu walioyasimamia walionekana kuwa wakala wa serikali, TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu. Sidai kwamba pombe ndiyo iliyoleta ghasia. Nasema tu kwamba mlimani kazi ngumu ya pamoja ya shambani ilikuwa na mtungi mwishoni mwake, na kwamba kazi ya amri ilikuwa na faini mwishoni mwake. Anayeandika historia ya kazi za shuruti azipime kazi hizo mbili pamoja.

Uhuru haukubadili mantiki hiyo, uliirithi. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliendelea kutenganisha leseni za pombe za kienyeji na zile za bia. Azimio la Arusha lilisikitika kwamba nguvu za wanaume wa vijijini na wanawake wa mijini zinapotea katika maongezi, ngoma na ulevi, huku likiwasifu wanawake wa vijijini kwa kazi yao. Halikusema kwamba ulevi wa wale wanaume ulikuwa, kwa upande wa pili wa mtungi, ni kazi ya wanawake wale wale wanaosifiwa. Mwaka huo huo wa 1967 serikali ilichukua hisa nyingi katika kampuni ya bia, ikazirudisha kwa mwekezaji wa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hadi leo, kila mwezi Juni bajeti ikisomwa, taifa zima husikiliza bei ya bia, soda na sigara. Sijapata kumsikia waziri akiutaja mtungi.

Majaribio ya kuifanya pombe ya nafaka ikae yapo. Kibuku ya Dar Brew, iliyotokana na Chibuku ya Zambia ya miaka ya 1950, ni pombe ya mtungi iliyotiwa kiwandani. Imeongeza siku chache tu, na pakiti yake lazima ipumue kwa sababu kinywaji bado kinachemka ndani. Kwa upande mwingine kuna gongo, ambayo ni pombe iliyokimbizwa na moto hadi isiweze tena kuharibika, na ambayo sheria imeikataza tangu ukoloni. Mwisho wa njia hiyo tuliuona katika viroba: kileo kikali ndani ya kipande cha plastiki, kinachokaa milele, kinachoingia mfukoni mwa mtoto wa shule, kisichohitaji mtu wa pili. Serikali ilivipiga marufuku Machi 1, 2017, nami niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila nilitamani tukumbushane kwamba kileo kilichotuletea aibu ile hakikutoka kilabuni kwa mama. Kilikuwa na leseni, na ushuru wake ulihesabika vizuri sana.

Wanafunzi wangu, hasa wanaharakati, wakifika hapa hutaka niseme kwamba mtungi ni ujamaa na chupa ni ubepari. Siwezi kusema hivyo mbele ya Bibi. Nilipomweleza hoja yangu kwamba pombe isiyokaa iliwaleta watu pamoja, alinisikiliza, kisha akanieleza upande ambao sikuuona vitabuni. Wanywaji nao wanajua kuhesabu siku. Siku ya pili jioni, mtungi ukiwa nusu, huanza kuja mmoja mmoja wakitaka bei ya kutupa au mkopo, maana wanajua kesho ni siki. Mvua ikinyesha siku ya kuiva, watu hawatoki, na kuni, mahindi na kazi ya wiki nzima vimekwenda kwa nguruwe.

"Mwalimu," aliniambia, "ningekuwa na pombe ya kukaa siku nane tu, madeni ya watu wa Kinole nisingeyajua."

Na kuni zenyewe ni hoja. Kupika mara mbili kwa moto wa mafiga kunakula msitu, na msitu huu ndio chanzo cha mito inayoshuka Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Sheria ndogo za halmashauri zetu, ninavyozijua, humkuta mama huyu sehemu mbili: anapolipa ada na anapokamatwa kwa kufungua kabla ya saa. Afisa biashara anayesoma hapa anajua ninachosema. Ada ya siku hulipwa pombe ikiwa nzuri au ikiwa siki. Hakuna anayerudisha ushuru wa mtungi uliomwagwa. Kama tunaweza kumfundisha mkulima wa Mgeta kuhifadhi mboga na maziwa, sioni kwa nini elimu ya usafi wa vyombo, ya kupoza haraka, ya majiko yanayobana kuni, isimfikie mpishi wa pombe kwa sababu tu bidhaa yake inatuonea haya.

Mashine ya Bigwa bado ipo. Chupa haijazwi tena mpaka haidromita isome namba moja siku tatu. Mwezi uliopita mwenzangu alifanya jaribio jipya: Bibi alipika uji wa mahindi kwenye sufuria, wakautia katika mashine pamoja na kimea chake cha ulezi, wakaiambia ishike nyuzi 63 kwa saa moja, kisha akachemsha mwenyewe na kuupeleka mtungini na kimea kibichi kama kawaida. Ikatoka tamu, na kuni zilipungua kwa nusu. Bibi aliionja kwa kata, akaonja tena, akauliza inatoa kiasi gani kwa mara moja.

"Lita kumi, mama."

Akaigeukia ile mashine, akaitazama kwa muda.

"Kumi," akasema. "Hiyo ni ya wapishi. Ya wageni inapikwa wapi?"